Na Lucrécia je? Nilivyojifunza kuisoma Brazil

Insha yangu ya kwanza ya fasihi kule Rio de Janeiro ilirudi haina maksi. Juu kabisa mwalimu alikua ameandika kwa penseli "E a Lucrécia?", yaani na Lucrécia je, basi, hakuna kingine. Kurasa 4 nimezihangaikia wiki 2 na kamusi mkononi, Kireno changu wakati huo cha mwaka mmoja tu, maana sisi tuliokwenda na skolashipu tulianza kwa kusoma lugha mwaka mzima tukafanya mtihani wa Celpe-Bras ndo tukaruhusiwa kuingia darasani na wenyeji. Nikakaa kwenye ngazi pale nje nikajiuliza Lucrécia ndo nani tena.

Hadithi yenyewe inaitwa O Caso da Vara, yaani kisa cha fimbo, ya mwandishi wa Brazil Machado de Assis, fupi tu, unaimaliza kwa nusu saa. Kijana anaitwa Damião katoroka seminari, hautaki upadri, baba yake anamlazimisha, kwaiyo anakimbilia kwa mjane mmoja Sinhá Rita ambae ana usemi mkubwa kwa baba wa ubatizo wa Damião, ili amwombee asirudishwe. Nyumbani kwa Sinhá Rita kuna wasichana wanafundishwa kusuka lesi na kudarizi. Mimi insha yangu yote ilikua Damião, Damião na uhuru, Damião na baba, kijana anaedai kujichagulia maisha, na niliona nimeandika kitu cha maana kwasababu hata kwetu wapo watoto wanaosomeshwa kitu wasichokitaka.

Nikarudi kwenye kitabu. Lucrécia ni mtoto wa miaka 11, mtumwa, mwembamba, ana kovu kwenye paji la uso na mkono wa kushoto una alama ya kuungua. Yupo pale anasuka lesi, anakohoa, ila anakohoa kwa ndani, anakimeza kikohozi ili asikatishe maongezi ya wakubwa. Damião anatoa kichekesho, Lucrécia anacheka, mikono inasimama kidogo, Sinhá Rita anamtishia fimbo na mtoto anainamisha kichwa kungoja pigo. Damião anamuonea huruma, anasema moyoni huyu asipomaliza kazi yake jioni nitamtetea. Jioni inafika, wenzie wote wamemaliza, yeye bado. Sinhá Rita anamkamata sikio, anamwambia Damião nipe hiyo fimbo hapo. Mtoto anamlilia Damião amuokoe. Na Damião anamhitaji Sinhá Rita, bila yeye anarudi seminari. Anaenda anaichukua fimbo anampa. Hadithi imeisha.

Niliyasoma hayo yote, kila neno nililipekua kwenye kamusi, neno la fimbo, neno la kovu, na bado mtoto sikumuona. Kwenye kurasa zangu 4 jina lake halipo hata mara moja.

Nilipomfuata mwalimu ofisini hakunigombeza. Aliniuliza maswali mawili tu, hii hadithi inatokea lini, na imetoka gazetini lini. La kwanza limo kwenye hadithi yenyewe, kabla ya 1850. La pili nilienda kulitafuta, ni 1891. Akanambia sasa kaa na hizo tarehe mbili. 1850 ndo mwaka Brazil walipitisha sheria iliyokuja kweli kuzuia meli za watumwa, maana ile ya 1831 ilikua imeandikwa tu na meli ziliendelea kushusha watu kama kawaida. Utumwa wenyewe ukafutwa tarehe 13 Mei 1888, nchi ya mwisho kabisa Amerika yote. Kwaiyo aliefungua gazeti 1891 akakuta hadithi ya Lucrécia, yeye ana miaka 3 tu toka jambo hilo liache kuwa halali, huenda kahawa anayokunywa akisoma imepikwa na mwanamke ambae juzijuzi alikua mali ya mtu, na anasoma habari ya kijana mwenye moyo mzuri kabisa, mwenye huruma ya kweli, alienyoosha mkono akatoa fimbo kwasababu alikua na shida zake. Hadithi inaonekana ya zamani, ya kabla ya 1850, ila inamgusa yeye palepale kwenye kiti chake.

Toka siku ile mwalimu akawa anatuimbia wimbo mmoja darasani, ukifungua kitabu cha huku au ukiwasha filamu mtafute kwanza anaeleta kahawa, ukishamuona tafuta tarehe. Nimeishi na maneno hayo miaka yote ya digrii na mpaka leo sijapata njia bora zaidi ya kufundishia somo hili.

Alafu kuna kusoma kwa miguu. Mwaka wangu wa pili alitupeleka kule bandarini, Cais do Valongo. Ni gati ya mawe iliyojengwa 1811 kwa ajili ya kushushia Waafrika, wanakadiria watu kama laki 9 walipita pale tu, katika karibu milioni 5 walioingizwa Brazil nzima kwa zaidi ya miaka 300. 1843 waliifukia wakajenga gati nyingine nzuri juu yake ya kumpokelea mke wa mfalme alieletwa kutoka Ulaya. Ikakaa chini ya barabara mpaka 2011 walipokua wanachimba kutengeneza bandari kabla ya Olimpiki, yakatokea mawe, yakatokea na shanga na vipuli na vitu vidogo vidogo vya watu. 2017 UNESCO wakaitambua. Nilipofika ni shimo la wazi tu katikati ya mji, mawe yasiyo sawasawa, madimbwi ya mvua, mabasi yanapita pembeni. Nilisimama pale nikashindwa kuandika hata neno moja kwenye daftari. Wengi walioshushwa hapo walitoka Angola na Kongo, lakini wapo pia waliotoka upande wetu wa bahari, Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji, maana Waingereza walipobana biashara ya kaskazini ya ikweta 1815 wafanyabiashara walizidi kuja Msumbiji, meli zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema miezi baharini. Mimi ni mtu wa Mtwara. Kutoka kwetu mpaka Ruvuma ni karibu sana, ng'ambo ya mto ni Msumbiji na ndugu tunao kule.

Na ndo pale mwalimu alitoa kitabu kwenye begi akatusomea, hapohapo juu ya mawe, sura ya 68 ya Memórias Póstumas de Brás Cubas, ya Machado huyohuyo, ya 1881. Brás Cubas ni tajiri aliekufa anasimulia maisha yake akiwa kaburini. Utotoni alikua na mtoto mtumwa anaitwa Prudêncio, alimfanya farasi, anampanda mgongoni na kamba mdomoni, mwenzie akilia anamwambia nyamaza wewe mnyama. Sasa ukubwani Brás anapita Valongo, anakuta mtu mweusi anamchapa mtu mweusi mwenzie kwa mjeledi, anaechapwa anaomba msamaha na anaechapa anajibu kwa maneno yaleyale, nyamaza wewe mnyama. Anaangalia vizuri, ni Prudêncio. Kaachiwa huru, kanunua mtumwa wake. Brás anamwambia msamehe, Prudêncio anatii palepale, bwana haombi, bwana anaamuru.

Kuna mwenzetu mmoja akasema unaona, hata wenyewe walikua wanafanyiana. Nilipandwa na hasira hata Kireno kikanipotea. Mwalimu hakujibu, akauliza tu nani anatusimulia hii. Ni Brás. Yule aliempanda mwenzie kama farasi ndo anaetuelezea mjeledi, na anamaliza akiona jambo lenyewe la kuchekesha. Wewe msomaji ukicheka nae umeshaingia upande wake. Machado aliandika hayo utumwa ukiwa bado ni sheria ya nchi, na yeye ni mjukuu wa watumwa walioachiwa huru, baba yake fundi rangi, kazaliwa 1839 kwenye kilima cha Livramento ambacho ukiwa Valongo unakiona kwa macho. Akaja kuwa rais wa kwanza wa akademia yao ya fasihi 1897, na alipofariki 1908 kwenye cheti cha kifo wakamwandika mzungu. Hicho cheti nikikikumbuka huwa nasimama kidogo. Mtu ameandika maisha yake yote, alafu karani na kalamu moja.

Tarehe 13 Mei nilikua naichukulia kama sikukuu, unajua, siku ya ukombozi, nikategemea kukuta watu wanashangilia. Nikakuta wanafunzi weusi hawaitaki kabisa, wao siku yao ni 20 Novemba ya Zumbi wa Palmares, kiongozi wa watumwa waliotoroka. Nikaja kuelewa kwa vitabu viwili. Lima Barreto, mwandishi mweusi, alizaliwa 13 Mei 1881, kwaiyo siku utumwa unafutwa anatimiza miaka 7, baba yake akampeleka uwanjani kwenye umati, na ukisoma alichoandika ukubwani kuhusu siku ile unaona mtoto alierudi nyumbani na furaha ambayo nchi haikuja kuilipa. Hapakuwa na ardhi, hapakuwa na mshahara wa nyuma, hapakuwa na shule. Alafu kuna Carolina Maria de Jesus, mama wa watoto 3, muokota karatasi na vyuma kwenye kitongoji cha Canindé, São Paulo, darasa la pili ndo elimu yake, aliandika shajara kwenye madaftari aliyoyaokota jalalani. Ilitoka 1960 inaitwa Quarto de Despejo, yaani chumba cha kutupia vitu. Inaanza 15 Julai 1955, ni siku ya kuzaliwa ya binti yake, anataka kumnunulia viatu hana hela, anaokota jozi kwenye takataka anaviosha anavishona. Na ukifika tarehe 13 Mei 1958 mvua inanyesha, watoto hawana cha kula, Carolina anaikumbuka siku yenyewe ni siku gani, na jioni anaandika kwamba hivi ndivyo alivyopigana siku hiyo na utumwa wa sasa, njaa. Miaka 70 kamili. Hakuna profesa aliemwambia aweke hiyo tarehe.

Kwenye filamu nilidhani itakua rahisi kidogo, picha si unaona tu. Hapana. Vidas Secas ya Nelson Pereira dos Santos, 1963, kutoka kitabu cha Graciliano Ramos cha 1938, familia inakimbia ukame kaskazini mashariki na mbwa wao Baleia, niliiona mara ya kwanza nikasema mbona jua limeharibu picha, kila kitu cheupe macho yanauma. Kumbe ndo walivyokusudia, hawakutaka kulipunguza jua, wewe uliekaa kwenye kiti kizuri mjini nawe likuumize. Na muziki hakuna, kuna mlio wa gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe unaosaga masikio toka mwanzo.

Lakini filamu iliyonibadilisha ni Cabra Marcado para Morrer ya Eduardo Coutinho. Mwaka 1964 Coutinho alikua kijijini Pernambuco anapiga filamu ya kuigiza maisha ya João Pedro Teixeira, kiongozi wa wakulima wa Sapé, Paraíba, alieuawa Aprili 1962. Waigizaji ni wakulima wenyewe, na mjane wa marehemu, Elizabeth Teixeira, anaigiza nafasi yake mwenyewe. Jeshi likapindua serikali siku zilezile, tarehe 1 Aprili kamera zikasimama, wanajeshi wakaja, watu wakakamatwa, wengine wakakimbia. Baadhi ya mikanda ilikua imeshatumwa Rio kusafishwa, ikapona. Miaka 17 baadae, 1981, Coutinho anarudi na ile mikanda kuwatafuta. Anawaonyesha wanakijiji usiku, wazee wanajiona vijana, wanacheka wanatajana majina. Elizabeth anapatikana mji mdogo wa Rio Grande do Norte, anaishi kwa jina la Marta, anafundisha watoto kusoma, watoto wake mwenyewe, kati ya 11 aliozaa, wengi wametawanyika, majirani hawajui ni nani.

Kwenye mahojiano ya kwanza mwanae mkubwa yupo pembeni, na yule mama anaongea taratibu, anamshukuru rais wa nchi kwa kulegeza mambo. Mimi nikaandika kwenye daftari, wamemvunja. Niliandika ivo kabisa. Mwalimu alipitia madaftari yetu akaniuliza, mwaka 1981 rais ni nani. Nikaangalia. Jenerali Figueiredo. Jeshi bado liko madarakani, lingekaa mpaka 1985, na huyu mwanamke amejificha miaka 17, ndo kwanza leo kamera inalitaja jina lake halisi, unataka aseme nini? Nikarudia kuangalia nikiwa najua hilo na nikaona filamu nyingine kabisa, nikaona macho yake yanavyokwenda kwa mwanae na kurudi kwenye kamera, mkono anavyouweka, maneno anavyoyapima. Na siku ya mwisho, gari la Coutinho limeshawashwa linataka kuondoka, yeye kasimama dirishani na ndo anafunguka, anaongea bila kusimama, kwamba mapambano hayawezi kuisha maana mahitaji ni yaleyale ya 1964, njaa na mshahara mdogo. Nililia. Ile page ya daftari ninayo mpaka leo, sijaichana.

Niseme na habari ya chumba. Miaka 3 ya mwisho nilipanga kwa bibi mmoja mjane, floo ya 6, jengo la zamani, chumba cha nyuma ya jikoni. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, kadirisha juu kanatazama wanapoanikia nguo, kachoo kake peke yake kadogo ambako bomba la kuogea liko juu ya tundu la choo. Nilifurahi kwasababu ni bei nafuu. Kumbe ni chumba cha dada wa kazi, quarto de empregada, majengo yote ya zamani ya watu wenye uwezo yanacho, na lifti zilikua mbili, moja ya wenye nyumba moja ya watumishi na mizigo. Nilikua nasomea mtihani wa Machado humo ndani miezi mingi kabla sijaunganisha.

2015 ikatoka filamu ya Que Horas Ela Volta? ya Anna Muylaert. Val katoka Pernambuco, anafanya kazi za ndani São Paulo miaka mingi, analea mtoto wa tajiri, wa kwake kamuacha kwao. Binti anakuja mjini kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu, anafikia kwa mabosi wa mama yake na hakubali mipaka, anakaa meza ya kulia, anaingia bwawa la kuogelea, na mama mwenye nyumba anaagiza bwawa litolewe maji, anasema kaona panya. Niliiangalia sebuleni na yule bibi wangu. Ukiiona 2015 lazima ujue kwamba 2012 ilikua imepita sheria ya kutenga nafasi vyuoni kwa waliosoma shule za umma, na 2013 katiba ikarekebishwa wafanyakazi wa ndani wapate haki kama wengine, masaa na malipo ya ziada. Kujiamini kwa huyo binti hakukutoka hewani. Na kahawa ipo! Val anamzawadia bosi wake seti ya vikombe vya kahawa na chupa yake, bosi anashukuru anasema iweke kwa ajili ya siku maalum, Val akiileta kwenye sherehe anagombezwa. Mwishoni anaacha kazi na anaondoka nayo.

Bibi hakusema kitu muda mrefu. Alafu akanambia mwanangu, kwenye kile chumba chako alikaa mtu miaka 26. Nikamuuliza anaitwa nani. Akanitajia jina la kwanza, la ukoo akalitafuta akalikosa, akanyanyuka akaenda kufungua droo za kabati kutafuta karatasi yoyote yenye jina lake. Nikamsaidia. Hatukupata. Na mimi usiku ule nilikua nawaza dada aliekua ananisuka nywele nikiwa darasa la tatu Mtwara, alitoka Newala, alikula jikoni, na jina la baba yake sijawahi kulijua.

Saivi niko nyumbani, natafsiri ile hadithi ya fimbo kwa Kiswahili, polepole, baada ya kazi. Nilidhani kazi itakua kwenye Kireno, kumbe tabu iko kwetu, kwamba maneno tunayo na yako tayari mno. Sinhá ni "senhora" ilivyotamkwa na watumwa, nikiweka "bibi" sisi wa pwani bibi ilikua hasa ndo mwanamke mwenye watumwa, leo ni mama yake mama. Lucrécia ni kijakazi, neno lipo, halihitaji kutafutwa, na lipo kwasababu na huku walikuwepo. Zanzibar amri ya kufuta utumwa ni 1897, Kenya 1907, Tanganyika 1922, yaani sisi tulimaliza baada ya Brazil. Kila neno ninaloandika inabidi niamue nalitoa nyumba gani.

Juzi nilimsomea mama akiwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, pale kijana anapompa mama mwenye nyumba fimbo. Akaniuliza, akampiga ngapi? Nikamwambia mama, haisemi, imeishia hapo. Akageuza ungo, akapepeta kidogo.

"Si angeitupa dirishani," akasema. "Dirisha lilikuwepo?"

Nikafungua kitabu kuangalia.